Maboga 40? Sichongi

Kila Oktoba ikianza, inboksi yangu yageuka soko. Mwaka huu ujumbe wa kwanza ulikuja tarehe 3, asubuhi, hata chai sijanywa: "Mambo, twataka maboga kama yale ya mwaka jana, ila mara hii 40. Bajeti ipo." Na kile kikatuni cha boga la rangi ya chungwa lenye meno.

Niliwajibu. Jibu lilikuwa refu, wakalisoma, wakanyamaza. Basi naliweka hapa, na wengine wenye mpango kama huo walisome bure.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni wa Kisauni, Mtopanga. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda, na tangu hapo natengeneza video za kazi za mikono. Nachonga, napaka rangi, naunganisha taa. Wengi wenu mlinijulia kwa video ya Oktoba iliyopita: maboga 24 yamepangwa kwenye ngazi, taa ndani, macho ya pembetatu, muziki mzito. Ndiyo video iliyotazamwa kuliko zote nilizowahi kutoa. Leo nawaambia yaliyokuwa nje ya kamera.

Kazi ilikuwa ya ukumbi mmoja wa burudani, sitautaja. Nilienda Kongowea alfajiri na tuktuk. Mama niliyenunua kwake aliyahesabu maboga yote 24, akaniangalia. "Mwanangu, muna harusi?" Nikamwambia la, ni ya mapambo. Akacheka, alidhani namtania. Kisha akaniongezea moja dogo juu, "hili mpelekee mamako." Hilo la 25 ndilo pekee lililoliwa.

Tulichongea hapo hapo ukumbini, mimi na washikaji wangu wawili, nyuma ya jikoni. Na hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho hakuna video ya Marekani itakwambia: boga la kwetu si lile la kwenye sinema. Lile lao la kuchonga wamelizalisha makusudi liwe kubwa, jepesi, lenye ukuta mwembamba, na kwa utamu ni karibu na maji. La kwetu ni zito. Ukilikata, nyama yake ni nene, ya manjano iliyokolea. Limeumbwa kwa sufuria. Ili taa ionekane ilibidi tukwangue na vijiko mpaka viganja vikatoka malengelenge. Tukajaza mabeseni matano ya nyama ya boga safi kabisa.

Nikaenda jikoni kuuliza kama wayataka. Nikaambiwa boga haliko kwenye menyu. Nikasema basi nibebe nyumbani. Nikaambiwa ngoja kwanza, maliza kazi. Nilipomaliza kazi mabeseni yalikuwa yameshamwagwa kwenye pipa, juu yake vichungi vya sigara.

Kisha akaja msimamizi wa mapambo. Akayaangalia maboga, akakunja uso. "Mbona mengine ni kijani?" Kwani boga la Kongowea ni la rangi gani? Lina kijani, lina kijivu, lina mabaka. Akatuma mtu alete rangi ya kupuliza, ile ya magari, akayapiga yote rangi ya chungwa. Yaani tulichukua boga la kweli tukalipaka rangi lifanane na boga la plastiki.

Saa kumi na moja alfajiri pati imekwisha, nakusanya nyaya zangu. Askari wa getini akaja taratibu. Mzee wa makamo, amevua kofia. Akaniuliza kama yale maboga bado yana kazi, au aweza kuchukua mawili apelekee watoto. Nikamwambia, "Mzee, yamepuliziwa rangi, ni sumu." Akayaangalia muda mrefu. Akasema, "Yote?" Nikasema yote. Akavaa kofia akarudi getini.

Hiyo "yote?" yake bado yaniingia masikioni.

Nyumbani nyanya yangu aliiona video kwenye simu ya binamu. Hakunigombeza. Nyanya ni wa Ganze, na Ganze si mahali pa kusahau mambo: mpaka mwisho wa 2022 mvua ilikuwa imekataa misimu mitano mfululizo, ng'ombe wamelala chini hawaamki, tukawa twatuma unga kutoka huku. Alitazama video mpaka mwisho, akarudisha simu, akauliza swali moja tu. "Na nyama yake mliipeleka wapi?"

Nikamwambia tuligawa. Nilimdanganya nyanya yangu kwa sababu ya video. Sasa mwajua.

Haya, najua kuna watu wameshaanza kuandika kwenye komenti: "Nilijua tu, Halloween ni ushetani." Tulia, sheikh. Tulia, pasta. Mimi sijafika huko na siendi huko. Mtu akivaa shuka akasema buu, hajamuumiza mtu. Hasira yangu ni ya pipa lile, na ya askari yule. Ukinipigia kelele za mashetani na wewe sherehe zako mwenyewe zamwaga sufuria nzima za biriani, hatuna mazungumzo.

Halafu hili la kuogopa mtu kuchonga kitu kwa ajili ya wafu, ati ni mambo ya kigeni, hebu tuliangalie vizuri. Wagiriama, watu wa nyanya yangu, mzee wa chama cha Gohu akifa huchongewa kigango. Ni nguzo ya mbao ngumu, mingine yamzidi mtu urefu, ina kichwa na mwili uliojaa pembetatu zilizochongwa moja moja kwa mkono. Hufungwa vitambaa, humwagiwa mnazi, hukaa hapo mpaka mchwa waimalize, na hakuna ruhusa kuing'oa. Wajua vigango vilienda wapi? Viliibwa, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, vikaingia majumba ya makumbusho ya Marekani. Mwaka 1985 mzee mmoja alipigwa picha na mtafiti mbele ya vigango viwili vya ndugu zake. Si muda vikaibwa. Kimoja kikaja kuonekana kwenye Jumba la Makumbusho la Jimbo la Illinois, kingine Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vilirudishwa baada ya miaka ishirini na kitu. Makumbusho ya Denver nayo yalirudisha vigango 30, mwaka 2019.

Na Illinois, kwa taarifa yako, ndilo jimbo linalolima maboga mengi kuliko jimbo lolote la Marekani. Mambo hayo sikuyatunga mimi.

Kwa hiyo mbao zetu za wafu zilibebwa zikavuka bahari, na leo plastiki zao za wafu zashushwa Kilindini kwa kontena, nasi twapanga laini kulipa. (Na kabla mtu hajapata wazo la kipumbavu: sisemi mweke kigango kwenye pati. Nikiona kigango pembeni ya DJ, ntakublok na nitakusema kwa wazee.)

Sasa wenzangu wa upande ule mwingine, wale mnaosema "acha ushamba, ni utamaduni wa dunia, boga ndilo Halloween." Ninyi ndio mwanichekesha zaidi, kwa sababu hata huo utamaduni hamuujui. Ulitoka Ireland, na Ireland hawakuwa na maboga. Walichonga mizizi, tanipu, kitu kama kiazi kikubwa kigumu. Makumbusho yao bado yanaonyesha mfano wa mmoja, na wallahi watisha kuliko boga lolote, una uso kama wa maiti ya kiazi. Walichonga tanipu kwa sababu tanipu ndiyo iliyokuwa shambani. Kisha ikaja ile njaa kuu ya 1845, viazi vikaoza ardhini, watu kama milioni moja wakafa na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli kukimbia. Waliofika Marekani walikuta maboga yamejaa mashambani, makubwa, laini kuliko tanipu. Wakachonga hayo.

Yaani taa hii ilipelekwa Marekani na watu wengi wao wakikimbia njaa, na kila walipofika walitumia kilichokuwa karibu. Huo ndio utamaduni wenyewe. Mtu wa Likoni akitaka kuufuata sawasawa, hatafuti boga la rangi ya chungwa. Anainama, anaokota kifuu.

Mji mzima huu wakuna nazi kila siku. Kifuu kina umbo la kichwa, kigumu, hakiozi, na kwenye kitako kina matundu matatu, macho mawili na mdomo. Sura tayari! Nazi yazaliwa na sura ya Halloween, halafu wewe waenda kununua kichwa cha plastiki.

Niliyajaribu mwaka mzima, kwa hiyo nawapa kazi yangu hapa.

Kifuu kwanza ukikwangue nje na kipande cha chupa kisha msasa, mpaka nyuzi za kumbi zitoke na kibaki cheusi chenye kung'aa. Pitisha mafuta ya nazi kwa kitambaa. Usikichonge kwa kisu, kitateleza kikupeleke hospitali. Tumia drili yenye ncha ndogo, au kama huna, msumari uliotiwa moto kwenye jiko, ushike kwa koleo. Chora kwanza kwa chaki, toboa vitundu vidogo vidogo kufuata mstari. Siri ni vitundu vingi vidogo. Tundu moja kubwa latoa mwanga kama wa choo. Vitundu mia vyatoa nyota. Weka ndani balbu ndogo ya betri, zima taa ya chumba, uone ukuta ulivyovaa. Nilijaribu kunakili mashada ya milango ya Lamu, yale maua ya fremu, kivuli chake kikapanda mpaka darini. Mama alisimama mlangoni akasahau alichokuja kusema.

Kibuyu ndicho baba yao. Boga lenyewe, tuwe wakweli, ni mgeni, asili yake Amerika, lilikuja huku na meli. Kibuyu ni cha Afrika toka mwanzo. Kikishakauka mpaka mbegu zacheza ndani, kata kitako, toa uchafu, sugua, toboa kama kifuu. Kwa kuwa kina shingo, chaning'inia chenyewe. Ukining'iniza vitatu urefu tofauti mlangoni, hapo mgeni ashapigwa picha kabla hajaingia.

Na ukisema ni lazima liwe boga, mzazi, haya, lakini kwa adabu. Njia ya kwanza ni kutolikata kabisa. Lipambe lizima: chora kwa hina ngozini. Mashangazi wa hina wa mtaani kwako wana mkono kuliko msanii yeyote wa YouTube, mmoja alinichorea boga la kijani kwa maua ya bibi harusi na nikaona aibu kulipa alichoomba, nikaongeza. Hina, si piko, maana piko ina dawa. Au lifunge leso kama kilemba, jina la leso lisomeke mbele. Sherehe ikiisha wafungua leso, waosha, wamenya, wapika. Njia ya pili, ukilikata, fungua kwa chini si kwa juu, usimame na taa yako mezani kisha ulifunike boga juu yake kama kawa. Kwangua ukuta ubaki kama upana wa kidole, na badala ya kutoboa, paruza ngozi tu ya nje kwa kisu kidogo, mwanga upite ndani ya nyama. Latoa rangi ya machweo. Hiyo nyama uliyokwangua iingie sufuriani saa ileile: tui, sukari kidogo, iliki, hujamwita mtu wamekuja wenyewe na sahani. Mbegu waoga maji, chumvi, kikaangio. Na uchonge siku ileile ya shughuli. Hii ni Mombasa, joto la hapa halina mchezo, boga lililochongwa siku ya tatu lina ndevu.

Mishumaa kwenye kumbi za makuti sitaki hata kuijadili. Makuti yakishika, mwakimbia mkiacha viatu.

Sasa pesa, kwa sababu najua mtu asema "wewe wazungumza romansi, mteja ataka fasta." Mwaka jana nililipwa wiki tano baada ya kazi, kwa kusumbua, na nusu ilishaliwa na drili iliyoungua. Wakati huohuo, Changamwe, barabara ya Port Reitz, kuna ushirika wa wachongaji wa Kikamba tangu 1963. Tangu 1963! Ufundi huo hadithi yake yaanzia kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyepelekwa vita vya kwanza vya dunia upande wa Tanganyika, akajifunza kuchonga kutoka kwa Wazaramo, akarudi nao nyumbani. Ufundi wa miaka mia, wakaa Changamwe wachonga twiga kwa ajili ya rafu za watu wa Ulaya. Bombolulu, hapa hapa Kisauni, kuna karakana tangu 1969 za mafundi wenye ulemavu, wafanya vito na mbao. Ni lini umeona mwenye ukumbi wa hapa Mombasa amewapa hao oda ya mapambo ya Oktoba? Matatu moja tu, jamani. Waagiza uso wa plastiki kutoka upande wa pili wa dunia na fundi wa nyuso yuko vituo vitatu kutoka kwako.

Wanasema twataka kitu cha kisasa. Sawa. Mpe fundi wa Changamwe picha ya hicho cha kisasa, mpe wiki mbili, mpe nusu ya pesa mkononi. Ukirudi na huna la kusema, njoo unitukane hapa.

Jibu langu kwa wale wa maboga 40 lilikuwa hivi, kwa ufupi. Maboga 40 sichongi. Ntawafanyia vifuu 60 na vibuyu 10, vyote vya kutumika tena mwakani, mwaweza kuvikodi kwangu mkitaka. Maboga nitaleta sita, ya hina, hayaguswi na rangi ya kupuliza, na asubuhi yake yanaenda kwa wafanyakazi wa zamu ya usiku, kuanzia getini. Nusu ya malipo kabla sijatoka Mtopanga. Na kama yule askari bado yuko, mimi mwenyewe ndiye ntampa, msimtume mtu.

Hawajajibu. Alama mbili za bluu, siku ya sita leo. Huenda wamepata kijana mwingine, na kama ni wewe wasoma hapa, simlaumu mtu mwenye njaa ya kazi, nilikuwa wewe. Ila uliza mapema mabeseni yanaenda wapi, na uende na ndoo yako yenye kifuniko.

Vifuu mimi nimeshaanza kukusanya, na si vya bure kama nilivyodhani. Watu wawashia jiko, kwa hiyo kila nyumba nawapelekea makaa kidogo badala yake. Nyanya nilimwambia ukweli wiki iliyopita, habari ya pipa na yote. Alinyamaza, kisha akaniambia nimletee boga nimenye mwenyewe, yeye amekaa kwenye kiti. Mama wa mahamri wa pale kona ameniwekea vifuu 17 kwenye gunia. Sharti lake ni kimoja kirudi kwake kikiwa na taa, kining'inie juu ya karai, na kisiwe na meno, maana wateja wake wa asubuhi ni watoto wa shule.